Chipu Isiyojitambulisha: Namna Kerneli Inavyoelezwa Redio ya Waifai

Chomeka kipokezi kidogo cha waifai, vile vya ukubwa wa ukucha, kwenye tundu la USB la kompyuta yenye Linux. Hata mkono hujautoa, mazungumzo yameshaanza. Tundu limehisi volti kwenye waya wa data, kompyuta imejua kuna mgeni, imemuuliza yeye ni nani. Mgeni anajibu kwa ujumbe wa baiti 18 tu, na ndani yake mna namba mbili: moja ya kiwanda, moja ya bidhaa. Akijibu 0bda na 8179, kerneli, yaani kile kiini cha mfumo endeshi kinachosimamia vifaa vyote vya mashine, inajua huyu ni RTL8188EUS wa Realtek, inamtafutia kiendeshi chake, yaani programu inayojua kumsemesha, na waifai inawaka. Hakuna mahali popote palipoandikwa kwamba kompyuta hiyo ina waifai. Kifaa kimejisemea chenyewe.

Njia ya PCIe, inayotumika ndani ya kompyuta za mezani na za kupakata, ina adabu hiyo hiyo. Kerneli inapita kila nafasi na kusoma namba zilizoandikwa mlangoni. Pasipo na mtu, jibu linarudi ffff.

Sasa shika ruta ya bei nafuu yenye chipu ya MediaTek MT7628. Ndani ya kipande kimoja cha silikoni mna prosesa, swichi ya nyaya za mtandao, na redio ya waifai ya masafa ya 2.4 GHz. Redio hiyo haikuchomekwa popote. Imejengwa pamoja na prosesa na imekaa kimya kwenye anwani 0x10300000, bila kibao mlangoni na bila namba ya kiwanda. Kerneli isipoambiwa kwamba iko pale, haitajua milele. Wala haiwezi kwenda ikipapasa anwani moja baada ya nyingine gizani: kusoma anwani isiyo na mwenyewe kunaweza kugandisha mashine nzima, na kuandika mahali usipopajua ni hatari zaidi.

Kwa hiyo lazima mtu aieleze kerneli: redio iko hapa, ni ya aina hii, inapiga hodi kwa mlango huu, umeme wake unawashwa kwa pini ile. Kazi hiyo inaonekana ndogo ukiisikia, lakini imewasumbua wahandisi wa Linux kwa miaka mingi, na hadi leo kuna vipengele vyake ambavyo ndiyo kwanza vimepata ufumbuzi. Mimi naona ugumu wake wote unaegemea swali moja tu: ni kipi chipu inaweza kujisemea, na ni kipi lazima isemewe?

Zamani kusemewa huko kulifanyika ndani ya kerneli yenyewe. Kila bodi yenye prosesa ya ARM ilikuwa na faili lake la lugha ya C, limejaa anwani na namba za pini za bodi hiyo moja tu. Programu ya kuwashia mashine ilikuwa inaikabidhi kerneli namba ya usajili wa bodi, na kerneli inatafuta faili lenye namba hiyo. Kampuni ikitoa bodi mpya, hata kama imehamisha pini mbili tu, ilibidi msimbo mpya uingizwe na kerneli ijengwe upya. Mafaili hayo yaliongezeka mpaka Machi 2011 Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, akalalamika hadharani kuhusu vurugu ya msimbo wa ARM. Alikuwa na haki. Kerneli ilikuwa imegeuka ghala la orodha za pini.

Dawa iliyochaguliwa haikuwa mpya. Kampuni ya Sun ilikuwa na utaratibu wa kuandika vifaa vya kompyuta zake kwa mfumo wa mti, na utaratibu huo ukawa kiwango rasmi, IEEE 1275, mwaka 1994. Kompyuta za Apple na za IBM zenye prosesa za PowerPC ziliutumia. Linux ya PowerPC ikatengeneza toleo lililopunguzwa uzito, ambalo halihitaji programu nzito ya kuwashia, na toleo hilo ndilo ARM ililolichukua baada ya 2011. Tunaliita mti wa vifaa. Kama una simu ya Android, ni karibu hakika kwamba iliwaka leo asubuhi kwa kusoma mti kama huo. Kompyuta za kawaida za Intel na AMD zina utaratibu wao mwingine, ACPI, uliotoka Desemba 1996; huo ni mkubwa kiasi cha kuhitaji makala yake.

Mti unaandikwa kama maandishi ya kawaida kwenye faili la .dts, kisha programu iitwayo dtc inaugeuza kuwa faili fupi la namba, .dtb. Baiti nne za kwanza za faili hilo ni d00dfeed, alama ya kuthibitisha kwamba kweli huu ni mti. Mashine ikiwashwa, programu ya kuwashia inaweka mti kwenye kumbukumbu na kuikabidhi kerneli anwani yake: kwenye ARM ya biti 64 inaiweka ndani ya rejista (kijisanduku cha kumbukumbu ndani ya prosesa) x0, kwenye ARM ya biti 32 ndani ya r2, kwenye RISC-V ndani ya a1. Kerneli inaamka ikiwa na kitu kimoja mkononi, na kitu hicho ni ramani ya nyumba iliyozaliwa ndani yake. Mwenye Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya bodi moja, anaweza kuitazama ramani hiyo sasa hivi kwa kuandika ls /proc/device-tree.

Redio ya MT7628 inaelezwa hivi:

wmac: wmac@10300000 {
    compatible = "mediatek,mt7628-wmac";
    reg = <0x10300000 0x100000>;
    interrupt-parent = <&cpuintc>;
    interrupts = <6>;
    status = "disabled";
};

Mistari michache, na kila mmoja una mzigo wake.

Neno compatible ndilo jina la kuitia. Linaanza na jina la mtengenezaji, halafu mkato, halafu aina. Kila kiendeshi ndani ya kerneli kina orodha ya majina kinayoyaitikia, na jina la kwenye mti likilingana na la kwenye orodha, kiendeshi kinaitwa kuja kumshika mwenzake. Mstari unaweza kubeba majina kadhaa, lile mahususi kwanza na la jumla mwisho, ili kerneli ya zamani isiyoijua chipu mpya ijaribu angalau kwa jina la mkubwa wake.

Neno reg linataja anwani ya kuanzia na urefu wa eneo. Hapa urefu ni 0x100000, yaani baiti 1,048,576. Kiendeshi kinajua mpaka wa shamba lake, hakivuki.

Mistari miwili ya interrupt ni habari ya hodi. Redio ikipokea pakiti kutoka hewani haiwezi kungoja prosesa ikumbuke kupita kuichungulia. Inabisha hodi, na hodi hiyo ina mlango wake. Mti unasema: mlango namba 6, kwa bawabu anayeitwa cpuintc. Ile alama ya & ni kidole kinachoonyesha nodi nyingine (kifungu cha maelezo kama hiki ndicho kiitwacho nodi) ndani ya mti huo huo, na vidole hivi vitarudi sana katika hadithi hii.

Mstari wa mwisho huwashangaza wanaoanza. Kwa nini redio iandikwe halafu izimwe? Kwa sababu faili hili si la ruta yako. Ni la chipu, na chipu hiyo imo ndani ya ruta nyingi za chapa mbalimbali. Faili la chipu linataja vyote vilivyomo ndani ya silikoni. Faili la bodi, ambalo linalichukua lile la kwanza na kuongeza yake, linawasha vile ambavyo bodi hiyo kweli imeviunganisha na antena. Mgawanyo huo ndio uliopunguza lile ghala: aliyetengeneza chipu anaeleza chipu mara moja, na kila mwenye bodi anaeleza bodi yake tu.

Mpaka hapo mambo ni mepesi. Redio haijui kusema, tumeisemea. Lakini chipu nyingi za waifai ziko katikati: zinajua kusema, ila si kila wakati na si kila kitu.

Tazama Raspberry Pi Zero W, iliyotoka Februari 2017. Waifai yake ni chipu ya BCM43438, na imeunganishwa na prosesa kwa SDIO, ile ile njia inayotumika kwa kadi za kumbukumbu za SD. SDIO ina utambulisho: ukiuliza, chipu inajibu kwamba mtengenezaji wake ni 02d0, yaani Broadcom. Basi kwa nini mti wa bodi hiyo una nodi ya waifai?

wifi_pwrseq: wifi-pwrseq {
    compatible = "mmc-pwrseq-simple";
    reset-gpios = <&gpio 41 GPIO_ACTIVE_LOW>;
};

Kwa sababu aliyelala fofofo hasikii hodi. Chipu hii ina pini inayoishikilia usingizini, na pini hiyo imeungwa na pini namba 41 ya prosesa. Isipoachiwa, unaweza kuuliza utambulisho mpaka jioni na usipate jibu. Neno la mwisho, ACTIVE_LOW, linasema usingizi unaletwa na volti ya chini. Ukilikosea neno hilo moja, kerneli itadhani inaiamsha chipu kumbe ndiyo inaikandamiza chini. Hakuna moshi wala kelele: waifai haipo tu. Makosa ya namna hii yamewala watu siku nzima, kwa sababu kila kitu kingine kwenye mti kinaonekana sawa.

Kuna chipu ambazo hata kuachiwa hakutoshi. Zinahitaji mapigo ya saa ya polepole, 32.768 kHz, yaletwe kutoka nje, na nodi hiyo hiyo inaweza kuitaja saa hiyo. Nyingine zinataka zipumzike milisekunde kadhaa baada ya umeme kufika kabla ya kusemeshwa, na muda huo nao unaandikwa. Haya yote si mambo ya waifai hata kidogo. Ni mambo ya jinsi fundi wa bodi alivyochora nyaya zake, na ndiyo maana chipu haiwezi kuyajua.

Kwenye Raspberry Pi 3 kisa ni kile kile, ila pini ya kuamshia haiko kwenye prosesa. Iko kwenye kipanuzi cha pini kinachosimamiwa na programu ya upande wa VideoCore, yaani kitengo cha michoro cha chipu hiyo. Kwa hiyo kiendeshi kimoja kinamtegemea mwenzake ambaye huenda bado hajaamka. Kerneli imelitatua hilo kwa namna ninayoipenda: kiendeshi kinachomkosa anayemtegemea kinajibu "bado", kinawekwa kando, na kinaitwa tena baadaye. Tangu hapo kerneli imejifunza pia kusoma vile vidole vya & mapema na kupanga nani aamke kwanza.

Jambo jingine kwenye Pi linawachanganya wengi. Nodi ya waifai yenyewe, kwenye chipu ya BCM43438, ina jina hili:

compatible = "brcm,bcm4329-fmac";

BCM4329 ni chipu tofauti kabisa, tena ya zamani zaidi. Je, mtu alikosea? Hapana. Chipu za ukoo huo zote zinasemeshwa kwa lugha moja, na BCM4329 ndiyo iliyochukuliwa kuwa jina la ukoo. Mti unasema tu: aliye hapa ni wa ukoo huu. Kiendeshi cha brcmfmac kikishaingia, kinasoma ndani ya chipu rejista yenye namba yake halisi, kinagundua ni 43430, na kwa namba hiyo kinachagua programu ya kuipakia chipu, brcmfmac43430-sdio.bin. Umeona mpaka ulivyochorwa? Lile ambalo chipu inaweza kulijibu, mti umeliacha lijibiwe na chipu. Nadhani huu ni uandishi wa busara kuliko kurundika jina kamili la kila toleo, kwa sababu habari ikiandikwa mahali pawili siku moja zitapingana.

Hodi nayo ina chaguo. SDIO ikitumia nyaya nne za data, mmoja wa nyaya hizo hutumika pia kupigia hodi. Unatosha mashine ikiwa macho. Mashine ikilala, njia ya SDIO inazimwa, na hodi inayopitia humo haisikiki. Simu ya mfukoni haiwezi kuishi hivyo, ujumbe lazima uiamshe. Kwa hiyo watengenezaji huvuta waya mwingine wa pembeni moja kwa moja hadi kwa bawabu, na mti unauandika kwa jina la host-wake. Chipu haijui kama waya huo upo. Fundi wa bodi anajua.

Kisa kinachonipendeza kuliko vyote ni cha PCIe, kwa sababu kilivunja dhana. Kwa miaka mingi watu walisema vifaa vya PCIe havihitaji mti: vinajitambulisha. Halafu zikaja chipu kama QCA6390 ya Qualcomm. Humo waifai inazungumza kwa PCIe na Bluetooth inazungumza kwa njia nyingine, ya UART, na zote mbili zinalishwa umeme na kitengo kimoja kilichomo ndani ya chipu. Kerneli inapopita kwenye PCIe kuuliza nani yupo, waifai haina umeme, kwa hiyo nafasi inaonekana tupu. Kiendeshi cha waifai ndicho kingejua kuwasha umeme, lakini kiendeshi hakiitwi mpaka kifaa kionekane, na kifaa hakionekani mpaka kiwashwe. Kuku na yai. Juu ya hilo, viendeshi viwili visivyojuana vinashika swichi moja, na kati ya kuwasha upande mmoja na mwingine zinatakiwa zipite milisekunde 100.

Wengi waliishia kuacha umeme umewashwa muda wote, jambo linalokula betri. Ufumbuzi wa kweli uliingia kwenye Linux 6.11, Septemba 2024: sehemu mpya ya kerneli ya kupanga mfuatano wa umeme. Kwenye mti kitengo cha umeme kikapewa nodi yake, na waifai na Bluetooth kila mmoja anakinyooshea kidole. Nodi ya waifai inakaa chini ya nodi ya PCIe ikiwa na jina lililotengenezwa kwa namba zile zile ambazo chipu ingejibu yenyewe kama ingekuwa macho, "pci17cb,1101". Kerneli inaliona jina hilo, inawasha umeme, inasubiri, kisha inauliza upya. Safari hii inajibiwa. Hapo ndipo ilipoeleweka kwamba kujitambulisha ni uwezo wenye masharti, na sharti la kwanza ni umeme.

Sasa tufike kwenye sehemu ambayo kosa lake ndilo lenye gharama kubwa kuliko yote: vipimo vya redio.

Redio mbili zilizotoka kiwandani siku moja, kwenye mstari mmoja, hazifanani. Kioo cha kuhesabia mapigo ya moja kiko juu kidogo, cha nyingine chini kidogo. Kikuza mawimbi cha moja kinatoa nguvu zaidi kwa amri ile ile. Kiwandani kila bodi huwekwa kwenye mashine ya kupimia, ikapimwa, na masahihisho yake yakaandikwa kwenye kumbukumbu ya flashi ya bodi hiyo hiyo. Kwenye ruta za Atheros sehemu hiyo huitwa ART, kwenye za MediaTek huitwa factory. Kwa redio ya QCA9880 masahihisho ni baiti 2116; kwa kila redio ya IPQ4019 ni baiti 12064. Ni data kidogo kuliko picha moja ya simu, na haina nakala mahali pengine popote duniani.

Chipu haijui data yake iko wapi kwenye flashi, maana flashi si yake. Mti ndio unaoonyesha:

eeprom_factory_0: eeprom@0 {
    reg = <0x0 0x400>;
};

&wmac {
    status = "okay";
    nvmem-cells = <&eeprom_factory_0>;
    nvmem-cell-names = "eeprom";
};

Nodi ya kwanza imo ndani ya maelezo ya sehemu ya factory: anzia baiti 0, chukua 1024. Ya pili ni lile faili la bodi likiiwasha redio, na kuielekeza kwa kidole zilipo data zake. Zamani kila kampuni ilikuwa na neno lake kwa jambo hili. MediaTek walikuwa na mediatek,mtd-eeprom. Njia hii mpya ni moja kwa wote, na haijali kama data imo kwenye flashi, kwenye chipu ndogo ya pembeni, au kwenye fyuzi za prosesa. Anwani ya MAC ya redio, yaani namba inayoitambulisha kwenye mtandao, nayo imo humo, baiti sita kuanzia ya 4.

Kwa hiyo mtu anayebadilisha programu ya ruta yake, akaona flashi imejaa na akafuta sehemu "asiyoielewa" ili apate nafasi, anaweza kuwa amefuta masikio ya redio. Huenda waifai bado itawaka. Itakuwa dhaifu, itarusha mawimbi kwa nguvu isiyo sahihi, na hakuna faili la kupakua litakaloirudisha, kwa sababu vipimo vya ruta ya jirani ni vya ruta ya jirani. Nakuomba sana: kabla hujagusa chochote kwenye ruta, nakili sehemu ya ART au factory na uihifadhi nje ya ruta hiyo.

Tumeona chipu isiyoweza kusema na chipu isiyosema mpaka iamshwe. Ipo aina ya tatu, na hii inahitaji kukanushwa. Ruta zenye redio tatu huwa na mbili za masafa ya 5 GHz. Ili zisikanyagane, fundi wa bodi anaweka kichujio: moja inapitisha sehemu ya chini ya masafa tu, nyingine ya juu tu. Chipu haikioni kichujio hicho. Ukiuliza inamudu masafa gani, itajibu yote, na kwa upande wake inasema kweli. Ukiiachia, mtumiaji atachagua mkondo ulio nje ya kichujio na kupata mawimbi yanayofia ndani ya bodi. Mti una neno la kuizuia:

ieee80211-freq-limit = <5170000 5250000>;

Namba ni za kHz, na maana yake ni kwamba hata chipu ikidai zaidi, bodi hii haipitishi zaidi ya hapa. Ni mstari mmoja, nao unaonyesha vizuri kwamba kinachoelezwa kwenye mti ni mashine nzima, kuanzia antena, na chipu ni kipande chake kimoja.

Yapo pia yasiyotakiwa kabisa kuingia humo. Jina la mtandao na nywila ni mambo ya mtumiaji. Kiendeshi kifanye kazi kwa haraka au kwa kubana betri, hilo ni la mfumo. Sheria za nchi kuhusu mikondo na nguvu ya mawimbi, kama zinazosimamiwa na TCRA Tanzania au Mamlaka ya Mawasiliano Kenya, zimo kwenye hifadhidata ya kanuni ambayo kerneli inaipakia kwa msimbo wa nchi, TZ au KE, kwa sababu sheria hubadilika na ruta husafiri. Kanuni ya watunzaji wa mti ni kueleza kifaa kilivyo, wala si namna Linux inavyotaka kukitumia. Mti huo huo husomwa na U-Boot, programu ya kuwashia mashine, na FreeBSD, mfumo endeshi mwingine, na hao hawana haja na mapendeleo ya Linux.

Mpaka huo haukai wazi siku zote. Chipu za Broadcom zina misimbo yao ya nchi isiyolingana na ile ya kawaida, na misimbo hiyo hutofautiana kwa jinsi mwenye bodi alivyopewa programu. Ikabidi mti uruhusiwe kubeba jedwali la kutafsiri, brcm,ccode-map. Je, hicho ni kifaa au ni sera? Mimi ningekiweka upande wa kifaa, lakini kwa shingo upande. Chipu hizo hizo zinahitaji pia faili la maandishi lenye habari za bodi, na kiendeshi hulichagua kwa kusoma jina la bodi kwenye shina la mti. Kwa Raspberry Pi 3 kinatafuta brcmfmac43430-sdio.raspberrypi,3-model-b.txt. Maana yake maelezo ya bodi moja yamegawanyika mahali pawili, na jina lililoandikwa kwenye mti ndilo uzi pekee unaoyaunganisha.

Ugomvi juu ya maneno haya huwa mkali, na wageni hudhani ni ukaidi. Sababu ipo. Mti unaweza kuwa umechomwa kwenye flashi ya ruta iliyo juu ya dari la duka la mtu kwa miaka minane bila kuguswa. Kerneli mpya ikija, lazima iuelewe mti huo wa zamani. Neno likishaingia kwenye vifaa vilivyouzwa, maji yamemwagika. Qualcomm walikuwa na qcom,ath10k-calibration-variant, lenye jina la kiendeshi kimoja ndani yake, ingawa habari yenyewe ni ya bodi. Sasa neno linalotakiwa ni qcom,calibration-variant, lakini viendeshi lazima viendelee kusoma yote mawili. Ndiyo maana siku hizi kila neno huandikwa kwanza kwenye faili la kanuni la YAML, na kuna programu inayokagua kila mti kama unazifuata.

Ukijua mpaka kati ya kujisemea na kusemewa, dalili za waifai iliyokufa zinaanza kusomeka. Fungua dmesg, amri inayoonyesha kumbukumbu za ujumbe wa kerneli. Kama redio ni ya ndani ya prosesa na hakuna hata mstari mmoja unaoitaja, tazama status na compatible: kiendeshi hakijaitwa. Kama ni ya SDIO au PCIe na njia yenyewe inaonekana lakini hakuna mtu juu yake, shuku umeme, pini ya kuamshia, mwelekeo wa volti, kisha saa. Kiendeshi kikiingia halafu kilalamike kwamba hakipati faili, soma jina la faili linalotafutwa herufi kwa herufi; mara nyingi lina jina la bodi ambayo si yako, kwa sababu aliyeandika mti alinakili wa bodi nyingine. Na kama kila kitu kimeamka, mtandao unaonekana, lakini mawimbi yanaishia chumba cha pili, tafuta kama kuna mstari unaosema "Invalid MAC address, using random address". Zima na uwashe ruta mara mbili. Anwani ya MAC ikibadilika kila mara, kidole cha mti kinaonyesha mahali pasipo sahihi kwenye flashi, na pengine vipimo vya redio bado vimo humo, salama, baiti chache tu kando ya pale kiendeshi kinapotazama.